Aliacha dawa lini?

Foleni ya kliniki ya kisukari huanza kabla jua halijapanda. Asubuhi moja, kwenye benchi la mbele, mzee mmoja alitoa kijitabu alichokuwa amekifunga kwa gazeti, akafungua ukurasa uliojaa mistari ya kalamu ya bluu, akamwonyesha nesi aliyekuwa akiwapima watu presha.

"Mwanangu, huyu anasema sukari yake ilikuwa ishirini na mbili, akala hivi na hivi, leo hagusi dawa. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Aliacha dawa lini?"

Nesi akasoma ukurasa ule, akafunua uliofuata, akarudi nyuma.

"Baba, hapa hajaandika."

Foleni ikasogea, na mazungumzo yakaishia hapo.

Swali lile limekuwa likinizunguka kwa wiki kadhaa. Vijitabu vya ulaji bora vilivyoandikwa na watu waliougua viko kila mahali: kwenye meza za wauza vitabu karibu na stendi, nje ya nyumba za ibada, na siku hizi kama faili linalorushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Vingi vinaeleza kwa kirefu mwandishi alikula nini. Vichache mno vinasema dawa gani ilipunguzwa, kwa kiasi gani, tarehe ngapi, na sukari ilisoma ngapi wiki iliyofuata.

Na hiyo ndiyo sehemu inayoua.

## Kijitabu kinaongea, karatasi inaamrisha

Ni rahisi kuvicheka vijitabu hivi. Jalada lina parachichi, limau na mtu anayetabasamu. Ndani kuna makosa ya chapa, aya za dini, na namba ya simu ya kuagizia unga wa mlonge.

Lakini angalia mgonjwa mpya anapewa nini upande wa pili. Mara nyingi ni karatasi moja, fotokopi ya fotokopi, yenye safu mbili: kula, usile. Upande wa kula kuna brokoli, tofaa na shayiri. Upande wa usile kuna ugali, wali, ndizi, mihogo, viazi na chapati, yaani chungu kizima cha nyumbani. Kiasi hakuna. Mtu anatoka pale akiwa na mambo mawili ya kuchagua: afe njaa, au aitupe ile karatasi.

Kijitabu cha aliyeugua kinazungumza lugha nyingine. Kinasema habari za kuamka usiku mara tano kwenda chooni, ganzi inayopanda kutoka vidoleni, ndoa inayoyumba kwa sababu nguvu za kiume zimepungua na hakuna anayethubutu kulitaja. Kinaeleza namna ya kukataa sahani ya pili ya pilau harusini bila kumvunjia mwenyeji heshima. Hayo huyakuti kwenye karatasi ya hospitali, na ndiyo yanayomfanya mtu aendelee na mlo mpya baada ya wiki ya pili, pale hamasa inapoisha.

Kwa hiyo mimi simo katika wale wanaotaka vijitabu hivi vichomwe. Nataka visomwe kwa ukali zaidi.

## Mzika wafalme

Mtu aliyeupa nguvu mtindo huu wa "nimeugua, nimekula hivi, nimepona" hakuwa tabibu. William Banting alikuwa msimamizi wa mazishi jijini London, wa familia iliyowazika hata wafalme wa Uingereza. Mwaka 1862 alikuwa na urefu wa sentimita 165 hivi na uzito wa ratili 202, karibu kilo 92. Hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu. Ngazi alizishuka kinyumenyume ili magoti yapumue.

Alikwenda kwa daktari wa masikio, William Harvey, kwa sababu alikuwa hasikii vizuri. Harvey akamkataza mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Mwaka 1863 Banting akachapisha barua kwa umma kuhusu unene wake, matoleo ya mwanzo akayagawa bure kwa gharama zake mwenyewe, na jina lake likasambaa Ulaya nzima.

Barua ile ina mambo ambayo sidhani kama daktari wa leo angeyaandika, mvinyo wa kila siku ukiwemo. Ila ina kitu kimoja ambacho vijitabu vya leo vimekisahau: jedwali. Tarehe upande huu, ratili upande ule. 26 Agosti 1862, ratili 202. 7 Septemba, 200. 27 Septemba, 197. Linaendelea hivyo hadi Septemba 1863, ratili 156. Msomaji anaona kasi yenyewe: chini ya ratili moja kwa wiki, mwaka mzima. Anaona pia kwamba wiki za mwisho uzito haukushuka tena.

Fundi wa mazishi wa karne ya 19, bila kompyuta, aliona haja ya kuweka tarehe.

(Ndugu yake wa mbali, Frederick Banting, ndiye aliyekuwa katika kundi la Toronto lililoleta insulini. Kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa sindano ya kwanza Januari 1922. Kabla ya hapo tiba ya watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza, ambapo kongosho haliwezi kutoa insulini, ilikuwa chakula peke yake: daktari Frederick Allen wa New York aliwapa mlo mdogo kiasi kwamba waliishi miezi au miaka ya ziada wakiwa mifupa mitupu, na wengine walikufa kwa njaa yenyewe. Kila nikisoma kwamba insulini ni utumwa na chakula ni uhuru, nawakumbuka watoto wale.)

## Ushuhuda wa kweli, sababu isiyo yake

Nilipoanza kuvisoma vijitabu hivi kwa makini, nilitarajia kukuta uongo. Kinachonisumbua ni kwamba vingi huenda ni vya kweli. Mtu alilazwa mahututi kweli. Sukari ilishuka kweli. Dawa aliziacha kweli. Shaka yangu iko kwenye neno "kwa sababu".

Chukua kipimo cha kwanza. Watu wengi hupimwa sukari siku mbaya kuliko zote: wakiwa na homa ya mapafu, jipu kubwa, malaria kali, au wakiwa wamepewa dawa za steroidi kama prednisolone au dexamethasone. Hali hizo zote hupandisha sukari. Maambukizi yakiisha na dozi ikikamilika, sukari hushuka yenyewe, hata ukiwa unakula vilevile. Aliyeanza juisi ya kijani wiki hiyohiyo ataipa juisi sifa zote.

Kisha kuna aina moja ya kisukari ambayo haijulikani kwa watu wengi, na ambayo inatuhusu sana kwa sababu huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Mtu mzima, mara nyingi mwanamume mwenye mwili, anafika hospitali akiwa amezidiwa: sukari iko juu sana, damu imejaa asidi, pumzi ni nzito na inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Anawekewa insulini. Baada ya wiki au miezi michache kongosho linaamka, na insulini haihitajiki tena, pengine kwa miaka. Madaktari wa Marekani waliielezea sana kwa wagonjwa wa Brooklyn, New York, hadi ikabandikwa jina la mtaa wa Flatbush. Ugonjwa unaweza kurudi, na ukirudi unarudi kwa kishindo kilekile.

Na upo ule wa aina ya kwanza, wa vijana. Wiki chache baada ya kuanza insulini, seli za kongosho zilizobaki hupata nafuu, mahitaji ya sindano yanapungua sana, familia inashangilia. Kliniki hukiita kipindi cha fungate. Kinaweza kudumu miezi kadhaa. Kisha seli zile zilizobaki nazo zinaisha. Aliyeamini kwamba mtoto ameponywa na chakula akatupa sindano, anamrudisha hospitali akiwa anahema kwa shida, kama bado kuna muda wa kumrudisha.

Kila mmoja wa watu hawa anaweza kuandika kitabu kisicho na uongo hata sentensi moja.

Tarehe zingetusaidia kuwatofautisha.

## Sukari inaweza kulala, na masharti yake

Hapa ndipo upande wa pili nao, wa wale wanaosema kisukari ni cha maisha na mjadala umefungwa, unapokwama.

Utafiti wa DiRECT ulifanyika Scotland na kaskazini mashariki mwa Uingereza, ukiongozwa na Michael Lean na Roy Taylor, na matokeo ya mwaka wa kwanza yalitoka Desemba 2017. Watu wenye kisukari cha aina ya pili walipewa mlo wa kalori 825 hadi 853 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishiwa chakula cha kawaida hatua kwa hatua. Baada ya mwaka, asilimia 46 walikuwa na sukari ya chini ya kiwango cha kisukari bila dawa, dhidi ya asilimia 4 ya waliobaki na matibabu ya kawaida. Kwa waliopungua kilo 15 au zaidi ilikuwa asilimia 86. Kwa walioongezeka uzito hakupatikana hata mmoja.

Kwa hiyo mwandishi wa kijitabu anaposema aliacha dawa kwa sababu ya kula, jambo hilo linawezekana. Limepimwa.

Ila soma masharti. Walioingia walikuwa wamegundulika ndani ya miaka sita. Wote walikuwa na uzito uliozidi. Hakuna aliyekuwa kwenye insulini. Dawa za sukari na za presha zilisimamishwa siku ya kwanza ya mlo, na waliozisimamisha ni wahudumu waliokuwa wakiwafuatilia na waliokuwa tayari kuzirudisha. Sasa mchukue mama mwembamba wa miaka 60 mwenye kisukari cha miaka 15 na insulini mara mbili kwa siku. Huyo hayumo kabisa kwenye utafiti ule, na kliniki zetu zina wembamba wengi. Akifunga kula kama Waskoti wale, atakachopunguza ni misuli.

Muda nao una lake. Waliofuatiliwa hadi mwaka wa tano, kati ya waliokuwa wamefaulu mwaka wa pili, ni kama robo tu waliokuwa bado wako vile. Uzito ulirudi, sukari ikarudi.

Mwaka 2021 jopo la kimataifa la wataalamu lilikubaliana namna ya kupima jambo hili: HbA1c, ile sukari ya wastani wa miezi miwili hadi mitatu, iwe chini ya asilimia 6.5 angalau miezi mitatu baada ya kuacha dawa zote za sukari. Macho, figo na miguu viendelee kukaguliwa kila mwaka hata hivyo. Swali la yule mzee, kumbe, ndilo kipimo chenyewe. Bila kujua dawa ziliachwa lini, huwezi kusema lolote kuhusu kupona.

Na hata HbA1c ina mtego wake kwetu. Siko seli, damu kuvunjika baada ya malaria kali, kutokwa damu nyingi au kuongezewa damu karibuni huishusha isivyo halali. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kuipandisha. Baadhi ya mashine hukosea hata kwa mtu aliyerithi siko seli upande mmoja tu na asiyeumwa chochote. Ikipishana mno na vipimo vya kidole, mwambie daktari. Usichague ile inayokufurahisha.

## Bonge la ugali lina ngapi?

Sehemu dhaifu kuliko zote kwenye vijitabu hivi ni kiasi. "Kula dona badala ya sembe." Sawa, kiasi gani?

Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina wanga wa takriban gramu 75. Dona haipishani sana na sembe hapo. Inachoongeza ni nyuzinyuzi na virutubisho, nayo hushibisha mapema. Ukipika gramu 100 za unga unapata ugali wa kama gramu 300 na ushee, kutegemea maji. Sahani ya mtu anayekula vizuri inafika gramu 450, yaani wanga wa gramu 100 au zaidi kwa mkao mmoja. Soda ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 hivi. Mtu ameacha soda kwa kiapo, halafu anakula dona ya soda tatu kila usiku na anashangaa kwa nini asubuhi kidole kinasoma 11.

Namna ya kujua ya kwako: pima unga kwa mizani ya jikoni kabla haujaingia sufuriani. Pika. Pima ugali wote, kisha pima kipande chako. Gawa kipande kwa ugali wote, zidisha kwa unga uliopima, halafu zidisha kwa 0.75. Ukifanya hivyo mara chache jicho linajua lenyewe, na mizani unaweza kuirudisha kabatini.

Uji wa ulezi una sifa kubwa kuliko haki yake. Ulezi ni nafaka nzuri, lakini ukishasagwa laini na kupikwa mwepesi, tumbo halina kazi ya kufanya: sukari inapanda haraka. Ukiongeza vijiko viwili vya chakula vya sukari, umeongeza gramu 25 nyingine. Ulezi uleule ukiliwa kama ugali mgumu, kidogo, pamoja na maharage na mboga za majani, unakuwa chakula kingine kabisa. Vijitabu huorodhesha nafaka. Mwili unaangalia pia ilivyosagwa, ilivyopikwa na ilivyoandamana.

Badala ya kubishana na kitabu, kijaribu kwa kidole:

Pima kabla ya kula. Kula mlo ule kwa kiasi unachokijua. Hesabu saa mbili tangu tonge la kwanza (wengi huhesabu tangu walipomaliza, na kilele kinawapita). Pima tena. Andika vyote viwili, pamoja na chakula na gramu. Siku nyingine rudia mlo uleule, dawa zikiwa zilezile. Watu wazima wengi wa aina ya pili huelekezwa walenge kama 4 hadi 7 mmol/L kabla ya kula na chini ya 10 saa mbili baadaye. Wazee na wenye figo dhaifu hupewa malengo mapana zaidi.

Makosa yanayoharibu jaribio hili ni yale yale kila mahali. Mtu amemenya embe, akajifuta kwenye kanga, akajichoma: utomvu mtamu uliobaki kidoleni unatosha kupandisha namba kwa kiasi cha kutisha. Osha kwa sabuni na maji, kausha kabisa. Kichupa cha vipande vya kupimia kimeachwa wazi, au kimekaa kwenye gari juani: unyevu na joto huviharibu hata kabla ya tarehe ya mwisho. Mashine imewekwa kwenye mg/dL na kitabu kimeandika mmol/L, vipimo viwili tofauti vya sukari ileile: gawa namba ya mashine kwa 18. Mtu anayeona 126 akadhani anakufa, ana 7.0.

Halafu mashine yenyewe. Kiwango cha kimataifa kinachotumika kuzipitisha kinaruhusu, kwa sukari ya kuanzia 5.6, tofauti ya asilimia 15 juu au chini. Kipimo cha 8.0 kinaweza kuwa 6.8 au 9.2. Ukisoma kwamba maji ya bamia yameshusha sukari kutoka 7.9 hadi 7.1 kwa siku tatu, huo ni mtikisiko wa mashine. Bamia haijasema kitu bado.

## Glasi ya juisi

Nitapita haraka, ingawa hapa napo watu wameumia.

Ukanda wa pwani tunaijua mbilimbi: kwenye achari, kwenye mchuzi wa samaki, kidogo kidogo, haina neno. Kerala, India, ambako mti huohuo unaota uani, watu walianza kuikamua na kunywa juisi yake nzito wakitafuta kushusha sukari na mafuta ya damu. Mwaka 2013 madaktari wa huko waliripoti kundi la wagonjwa ambao figo zao zilifeli ghafla baada ya kuinywa, na baadhi walilazimika kusafishwa damu. Sababu ni oksaleti: ikizidi inageuka fuwele ndani ya figo. Tofauti kati ya kiungo na sumu ilikuwa ujazo wa glasi.

Juisi za mchicha zina oksaleti pia. Madafu, ndizi na nyanya zina potasiamu nyingi, jambo zuri kwa mwenye figo nzima na la hatari kwa ambaye figo zimeshachoka, ambazo ndizo kisukari hushambulia. "Chumvi ya wagonjwa wa presha" inayosifiwa kwenye baadhi ya vitabu mara nyingi ni kloridi ya potasiamu. Mtu anayemeza dawa za presha kama captopril, lisinopril au spironolactone akiinyunyiza kila mlo anaweza kusimamisha moyo wake. Kabla ya juisi yoyote ya kila siku, jua kipimo chako cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi.

## Ukurasa wa hatari kuliko yote

Ni ule unaosema kwamba wiki ya kwanza utatoka jasho, utatetemeka, utasikia kizunguzungu na moyo kwenda mbio, nawe usiogope, ni sumu inatoka.

Hizo ni dalili za sukari kushuka.

Dawa inayohusika mara nyingi kwetu ni glibenclamide, kwa kuwa ni ya bei nafuu na ipo karibu kila duka la dawa. Inalikamua kongosho litoe insulini, chakula kiwe kimekuja au hakijaja, na nguvu yake inaweza kufika saa 24. Kwa mzee au mwenye figo dhaifu inazidi hapo. Sasa mtu anameza kidonge chake cha asubuhi kama kawaida, anaanza mlo wa kitabu, anakata ugali kwa nusu na chakula cha jioni anakiruka. Kidonge hakijui kwamba kuna kitabu. Saa nane usiku analowa jasho, anaongea ovyo, na familia inadhani ni mambo ya majini. Metformin, kidonge kingine cha kisukari, ikiwa peke yake ni nadra kufanya hivyo. Insulini inafanya, tena haraka zaidi.

Ukihisi dalili, pima. Ikiwa chini ya 4.0, au huna mashine, kunywa gramu 15 za sukari: vijiko vitatu vya chai vilivyojaa kwenye maji, au nusu ya ile soda ya mililita 300 (ya kawaida, si ile isiyo na sukari). Subiri dakika 15. Pima tena. Bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula kitu chenye wanga, maana sukari tupu haikai. Asali au juisi usimmiminie mdomoni mtu aliyezimia. Itaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Na kama ni glibenclamide, nenda hospitali hata ukijisikia umepona, kwa sababu inaweza kuishusha tena baada ya saa kadhaa, ukiwa usingizini.

Kwa wa aina ya kwanza mambo ni mafupi: insulini haiachwi. Hata siku ya kutapika na kutokula kitu, ile ya muda mrefu inaendelea, na simu inapigwa kliniki kuuliza dozi.

## Kwa anayeandika, na kwa anayesoma

Kama umeugua na unataka kuandika, andika. Usiache maumivu, aibu wala mapishi. Ongeza ukurasa mmoja tu: aina ya kisukari na mwaka kilipogundulika, uzito wa kuanzia na wa leo, dawa zote kwa majina na miligramu, tarehe kila moja ilipopunguzwa na nani aliipunguza, HbA1c ya kabla, ya miezi mitatu baada ya kuacha, na ya mwisho pamoja na tarehe yake. Kama uliwahi kurudi kwenye dawa, weka na hiyo. Nakishuku kitabu kinachotolewa upya mwaka baada ya mwaka na namba zake zikabaki za mwaka ule wa kwanza.

Kama wewe ni msomaji na umekiamini kijitabu fulani, kiweke pamoja na kadi yako ya kliniki. Wengi hukificha, wakiogopa kufokewa. Basi daktari anaendelea kuandika dozi ya mtu anayekula sahani nzima, na mmezaji anakula nusu. Usiulize "kitabu hiki ni kizuri?", maana jibu ni la mdomo tu. Uliza: "Nikipunguza wanga kwa nusu kuanzia wiki ijayo, kidonge kipi kipungue kwanza, hadi kiasi gani, na namba ngapi inirudishe hapa?" Hilo lina jibu la kuandikwa kwenye kadi. Omba liandikwe.

Chagua pia siku ya kuanza. Wiki ya kwanza ndiyo sukari huyumba zaidi, na kliniki nyingi za kisukari hazifanyi kazi Jumamosi na Jumapili. Anza Jumatatu, vipande vya kupimia vikiwa vya kutosha hadi Ijumaa, na mtu mmoja wa nyumbani awe anajua sukari ya kuchanganya na maji iko kabati gani.